Kukarabati Tembe la Ukoo Huku Mkiishi Ndani Yake: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Nyumba ninayoielezea hapa ni tembe la ukoo wetu, yaani nyumba ya asili ya Wagogo ya miti na udongo, lililopo upande wa Mvumi, kusini mashariki mwa mji wa Dodoma. Lina pande tatu zinazouzunguka ua ambamo ng'ombe na mbuzi hulala, na paa lake ni la udongo, bapa, la kimo ambacho mtu mrefu hulazimika kuinama anapopita mlangoni. Operesheni Dodoma ya 1971 ilipowahamishia watu wa mkoa huu katika vijiji vya ujamaa, matembe mengi yaliachwa yakawa magofu. Letu lilisalimika kwa sababu tu lilikuwa tayari ndani ya eneo lililopimwa kuwa kijiji. Leo wanalala humo bibi yangu, baba mkubwa na mkewe, pamoja na mdogo wangu na watoto wake wanne. Mimi ni fundi wa nyumba za udongo kwa zaidi ya miaka 20, na kazi hii tuliifanya bila kumhamisha mtu hata mmoja kutoka ndani ya ua.

Kabla ya hatua yoyote, naomba msomaji akubali jambo moja ambalo mafundi wenzangu hulibishia. Tembe la Kigogo haliangushwi na mvua, bali na udongo tunaoliongezea kila mwaka kwa nia njema.

Hatua ya 1: Kaeni kikao, kisha angalieni mlango

Nyumba ya ukoo haina mwenye mali mmoja, kwa hiyo fundi anayeanza kazi kwa maelekezo ya mtu mmoja hujikuta akisimamishwa na mwingine wakati paa likiwa wazi. Kwetu baba mkubwa alitaka udongo wote utolewe na tuezeke bati. Bibi alimjibu kwamba ameshalala chini ya bati kwa binti yake mjini, akaungua mchana wa Oktoba na kutetemeka usiku wa Julai, na harudii. Tuliandika makubaliano kwenye daftari, kila mtu akatia sahihi au dole gumba.

Mlango nao una sheria yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, ambayo kwa matembe ni nadra sana kwa kuwa miti na udongo havidumu kiasi hicho, lakini inalinda pia milango na fremu za mbao zilizochongwa nchini kabla ya 1940. Ikiwa mlango wenu ni wa zamani na una nakshi, usimuuzie mchuuzi anayepita na pikipiki, wala usiung'oe kabla ya kuwauliza wahusika wa mambo ya kale.

Hatua ya 2: Toboeni paa mlipime

Dodoma hupata mvua ya takribani milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Anzeni Juni, mavuno yakiwa ghalani na nyasi zikiwa zimekauka, na mhakikishe paa limefungwa kabla Oktoba haijaisha, kwa sababu Novemba si mwezi wa kuaminika.

Kazi ya kwanza kabisa ni kuchimba shimo dogo juu ya paa, upana wa karai, katikati ya kila chumba, mpaka mzifikie nyasi. Paa letu, kwa kumbukumbu za bibi, lilianza na udongo wa shibiri moja hivi. Mimi nilipima sentimita 38. Ukingo wa lile shimo ulikuwa na matabaka yanayosomeka kama kurasa: udongo mwekundu, kisha mstari wa jivu, kisha udongo wa kijivu wa mtoni, kisha mwekundu tena, na katikati ya yote hayo kipande cha sahani ya bati yenye maua ambayo bibi aliitambua mara moja. Kila tabaka lilikuwa ni mwaka ambao paa lilivuja na mtu akapanda na karai.

Sasa pigeni hesabu. Mita moja ya ujazo ya udongo mkavu ulioshindiliwa ina uzito wa karibu tani 1.6. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye udongo wa sentimita 38 kinabeba zaidi ya tani 7, na hapo mvua haijanyesha. Boriti zikipinda chini ya mzigo huo, paa hufanya bonde, bonde hutuama maji, maji huvuja, na mwenye nyumba huongeza udongo mwingine palepale penye bonde.

Hatua ya 3: Kagueni nguzo, chumba kwa chumba

Katika tembe uzito wa paa haubebwi na ukuta. Unabebwa na nguzo za panda, zilizogawanyika juu kama manati na kuchimbiwa chini, ambazo boriti hulala juu yake, na ukuta ni fito zilizokandikwa udongo ili kuziba nafasi. Kwa hiyo ukuta ulioanguka ni aibu tu, ilhali nguzo iliyooza ni hatari. Chimbueni shina la kila nguzo kwa kina cha kiganja, kisha lichomeni kwa ncha ya nondo. Ncha ikizama bila kusukumwa kwa nguvu, nguzo hiyo imekwisha, hata kama juu inaonekana imara.

Katika vyumba vyetu vitatu vya kulala hali ilikuwa mbaya, lakini katika chumba cha zamani cha jiko miti yote ilikuwa myeusi, inang'aa kwa masizi, na haikuwa na hata tundu moja la bungua. Moshi wa miaka mingi ndio uliokuwa dawa. Bibi alipohamishiwa jiko nje kwa ajili ya macho yake, jambo ambalo silijutii, miti ya ndani ilipoteza ulinzi wake na hakuna aliyefikiria kuweka ulinzi mwingine. Sisi sasa tunapaka oili chafu kwenye sehemu ya nguzo itakayozikwa, tukiiacha ikauke juani kwa siku kadhaa kabla ya kuisimika. Sehemu ya juu, iliyo ndani ya chumba cha kulala, msiipake, kwa sababu harufu yake haiishi upesi.

Nguzo ya kubadilisha iwe ya mti mgumu. Mpingo ndio bora kwa kuwa kiini chake mchwa hawakiwezi, lakini haukatwi kiholela: pateni kwanza kibali kupitia serikali ya kijiji na ofisa misitu. Wakati wa kubadilisha, egemezeni boriti kwa mti mwingine wa panda, mkiukaza kwa kabari pande zote mbili, ndipo mng'oe nguzo ya zamani. Msing'oe kamwe nguzo mbili zinazofuatana kwa wakati mmoja, hata kama fundi wenu ana haraka ya kwenda kazi nyingine.

Hatua ya 4: Pakueni paa

Chumba kimoja kihamwe, vitu vyake vipelekwe cha jirani, na watoto wajue kwamba hakuna kuingia humo hata kufuata mpira. Wapakuaji wasimame juu ya ubao mpana unaopita juu ya boriti mbili, waanze katikati ya chumba ambako boriti zimepinda zaidi, na waelekee kingoni. Tumieni koleo na karai. Sururu hutikisa miti, na mti uliooza hauhitaji kutikiswa mara mbili. Udongo wenyewe msiutupe, kwani umeshanyeshewa na kukauka miaka mingi na ukichekechwa ni mzuri sana kwa kukandika kuta.

Hatua ya 5: Liezekeni upya

Juu ya boriti lazeni mapao, juu ya mapao fito zilizobanana, na juu ya fito nyasi kavu zenye unene wa kiganja, zikielekea upande maji yatakakoteremkia. Hapa ndipo ninapokiuka desturi: juu ya nyasi natandika nailoni nzito ya ujenzi, vipande vikipandana kwa sentimita 30, bila kuipigilia msumari wowote. Wazee walininung'unikia, lakini nailoni imeniwezesha kurudi kwenye udongo wa sentimita 12 tu, na chumba kilichokuwa kimebeba tani 7 sasa kinabeba zaidi kidogo ya tani 2.

Paa la tembe huitwa bapa, lakini halipaswi kuwa bapa kabisa. Lipeni mteremko wa sentimita 3 kwa kila mita, mkipima kwa bomba jembamba lenye maji, na mwishoni wekeni mlizamu wa bati, yaani mfereji wa kumwagia maji, unaochomoza nusu mita nje ya ukuta.

Hatua ya 6: Kandikeni kuta, na saruji ibaki dukani

Miaka kadhaa kabla ya kazi hii nilipiga lipu ya saruji kwenye ukuta wa nje unaopokea mvua ya upepo, nikiamini nimeukomesha ugonjwa. Baada ya misimu miwili bamba zima la lipu, lenye ukubwa wa mlango, lilidondoka usiku, na udongo uliokuwa nyuma yake ulikuwa laini kama ugali. Maji yalikuwa yameingia kupitia ufa mwembamba kama unywele, na saruji ikayazuia yasitoke. Ukuta wa udongo lazima uachwe utoe unyevu wake, na kinachouwezesha ni udongo mwenzake.

Udongo mzuri wa kukandikia hutoka kwenye kichuguu. Upimeni kwa kufinyanga kipande chenye unene wa kidole gumba na kukisukuma taratibu nje ya ukingo wa meza. Kikikatika kabla ya sentimita 5, udongo una mchanga mwingi, na kikipita sentimita 15 bila kukatika, una mfinyanzi mwingi na ukikauka utapasuka. Mimi huchanganya karai 3 za udongo, 2 za mchanga wa mtoni na 1 ya mavi mabichi ya ng'ombe, pamoja na nyasi zilizokatwakatwa, kisha nauloweka mchanganyiko siku tatu na kuukanyaga kila jioni. Kanyaga hiyo ni kazi ya watoto, na kwetu hawakuhitaji kushurutishwa.

Nyufa msizipuuze hata zikiwa ndogo. Papasi hujificha humo mchana na kutoka usiku kuuma waliolala chini, na homa ya papasi katika mkoa wetu si hadithi. Pembe kati ya sakafu na ukuta ndiyo maficho yao makuu: ichokonoeni, izibeni kwa udongo mzito, kisha ilainisheni kwa jiwe la mtoni mpaka kidole kisione mahali pa kukwama.

Hatua ya 7: Madirisha na mitaro

Kwa kuwa ukuta haubebi paa, dirisha dogo linaweza kutobolewa popote kati ya nguzo mbili bila hofu, mradi liwekewe fremu na wavu wa mbu. Mtaro uchimbwe kuzunguka nyumba, mita moja kutoka ukutani, ukielekea mbali na zizi. Palipo na mlizamu panga mawe, la sivyo maji yatachimba shimo chini ya nguzo mliyoigharamia.

Hatua ya 8: Subirini mvua ya kwanza

Mvua ya kwanza kubwa ikianza, ingieni kila chumba na tochi na kipande cha mkaa, na kila palipo na tone wekeni alama kwenye fito. Siku ya jua pandeni paani, mtoe udongo wa mahali hapo peke yake, mwangalie nailoni, kisha mrudishe kiasi kilekile mlichotoa, bila kuongeza hata karai moja. Mwaka wa kwanza tulipata alama tatu. Mbili zilikuwa juu ya kitanda cha baba mkubwa, ambaye mpaka leo anaamini nilimwachia kwa makusudi kwa vile alitaka bati.