Somo: Kutambua Umri wa Postikadi Kuukuu za Uganda

Wengi wetu tukipata postikadi kuukuu huitazama picha kwanza. Tukiona maporomoko ya Ripon pale Jinja, ambayo yalizama baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954, tunaamini kwamba kadi yenyewe ni ya kabla ya hapo. Huo ni umri wa picha tu, kwa kuwa picha ya zamani huweza kuchapishwa upya miaka mingi baadaye. Kwa hiyo nawasihi mwanze nyuma ya kadi.

Hatua ya kwanza ni kutafuta mstari unaotenga nafasi ya ujumbe na ya anwani. Uingereza iliuruhusu mwaka 1902, Ufaransa 1904, Ujerumani 1905 na Marekani 1907. Kabla ya hapo upande huo ulikuwa wa anwani peke yake, ndiyo maana katika kadi za awali salamu zimebanwa pembezoni mwa picha.

Hatua ya pili ni stempu. Stempu za hapa za mwaka 1903 zilihesabiwa kwa rupia na anna, sehemu ndogo ya rupia, senti zikachukua nafasi ya anna mwaka 1907, na shilingi ikaingia mwaka 1922. Zenye majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja zilianza mwaka 1935. Hakikisheni muhuri wa posta umevuka kutoka kwenye stempu hadi kwenye kadi. Ukikomea ukingoni mwa stempu, yaelekea stempu ilibandikwa baadaye.

Hatua ya tatu ndiyo niipendayo zaidi, nayo yahitaji lenzi ya kukuzia. Picha halisi ya kamera haina nukta, weusi wake huyeyuka taratibu kuwa kijivu, na ikizeeka sehemu zake nyeusi hung'aa kama fedha ukiiinamisha kwenye mwanga. Picha ya mtambo wa kuchapa mara nyingi huonyesha nukta zilizojipanga. Niliwahi kuuziwa Kampala kadi ya kanisa la Namirembe lililoezekwa kwa nyasi, lile lililoungua kwa radi mwaka 1910, nikaambiwa ni ya enzi hizo. Lenzi ilionyesha nukta, nami sikushtuka, kwa kuwa hata kadi za wakati ule zilichapwa hivyo. Lakini nilipoiweka chini ya taa ya zambarau ya kukagulia noti, karatasi iliwaka weupe wa samawati, jambo ambalo karatasi ya kabla ya takriban mwaka 1950 haifanyi. Nililipa bei ya kadi ya kale kwa nakala, na uchungu wake ninao hadi leo.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, kadi yangu ni picha halisi, lakini haina stempu wala maandishi. Nifanyeje?
Ndugu yangu, tazama kisanduku cha kubandikia stempu. Likiwepo neno AZO, jina la aina ya karatasi ya picha, na pembetatu nne zinazoelekea juu, karatasi hiyo ilitengenezwa kati ya 1904 na 1918.

Shikamoo Mwalimu. Je, kadi za Krismasi za bibi zinapimwa vivyo hivyo?
Marahaba, mwanangu. Taa na lenzi zinafaa. Ila kadi za Krismasi, ambazo zimekuwa zikiuzwa tangu ile ya Henry Cole ya London mwaka 1843, mara nyingi husafiri ndani ya bahasha, na tarehe ya posta hubaki juu ya bahasha. Msiitupe kamwe.

Zangu zimegandishwa kwenye albamu. Nizilowanishe?
Hapana, tafadhali. Maji hutawanya wino na kufuta muhuri. Kata ukurasa kuizunguka kadi, uihifadhi pamoja na karatasi iliyoshikana nayo.