Namna ya Kuanzisha Mfuko wa Wahitimu Wanaokwenda Kuhudumia Visiwani

Jumuiya ya wahitimu wa Mwanza ikitaka tabibu, mwalimu au mwanasheria kijana akubali kituo cha Ukara au Maisome, ianze kwa kusoma hati yake ya mshahara. Aliyesoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hukatwa na mwajiri asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi, kwa hiyo anayelipwa shilingi 800,000 huondokewa na 120,000 kabla hajalipa kodi ya chumba wala nauli ya kivuko.

Amueni kwanza mtafidia sehemu gani ya makato hayo. Napendekeza nusu. Kwa mfano huu, ni shilingi 60,000 kwa mwezi, yaani 720,000 kwa mwaka. Wahitimu kumi watahitaji 7,200,000, ambazo wanachama 240 watazipata wakichanga 30,000 kila mmoja. Msimpokee mhitimu mpya kabla fedha zake za miaka yote mitatu ya utumishi wake kisiwani hazijaingia benki. Mwaka 2008 kitivo cha sheria cha Harvard, pamoja na utajiri wake wote, kilitangaza kuwasamehe ada ya mwaka wa tatu wanafunzi walioahidi miaka mitano ya utumishi wa umma, na mwaka uliofuata kikausitisha mpango huo.

Kisha andikeni masharti, na hapa msiwe na haraka. Sheria ya Marekani ya mwaka 2007 iliahidi kufuta salio la mkopo wa mtumishi wa umma baada ya malipo 120 ya kila mwezi; waombaji wa kwanza walipojitokeza kuanzia 2017, karibu wote walikataliwa, wengi wao kwa sababu aina ya mkopo au utaratibu wao wa kulipa haukukidhi masharti. Kumwacha mtu atumike miaka kumi ndipo aambiwe hakustahili ni kumdhulumu. Tajeni vituo kwa majina, semeni wazi kama hospitali za mashirika ya dini na ofisi za msaada wa kisheria zimo, elezeni likizo ya uzazi na ugonjwa vitahesabiwaje, na thibitisheni sifa za mhitimu kabla hajapanda kivuko.

Lipeni kila mwezi baada ya mkuu wa kituo kuthibitisha mahudhurio, isipokuwa miezi miwili ya kwanza, ambayo ilipwe mapema kwa sababu ndipo mgeni anaponunua godoro na jiko. Anayeondoka kabla ya muda asidaiwe alichokwisha kukifanyia kazi. Malipo yake yakome mwezi huo, na nafasi yake itangazwe upya.