Kabla ya kubadilishiwa valvu ya moyo: mambo ya kuzingatia

Siku hizi si lazima upande ndege kwenda India. Tangu 2015 tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam, na kifua kinafunguliwa hapahapa. Wagonjwa wengi wa valvu, yaani vilango vya moyo vinavyopitisha damu, walianza utotoni: mafindofindo hayakutibiwa, ikaja homa ya baridi yabisi, na ukubwani valvu imekakamaa au inavuja. Daktari akishasema haitengenezeki, ibadilishwe, nyumbani huulizwa kwanza hela. Mimi ningeuliza kwanza: ukirudi kwenu, INR, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, utapimia wapi?

Maana valvu ni za aina mbili. Ile ya kaboni hudumu miaka mingi sana, ila damu hupenda kuganda juu yake, kwa hiyo utameza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku maisha yako yote. Dozi hupangwa kwa INR. Kwa valvu ya mitro, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, hutakiwa kukaa kati ya 2.5 na 3.5, ikishuka unakaribisha kiharusi, ikipanda unavuja damu. Kama maabara iko mbali na nauli ni ya kuungaunga, liseme hilo kwa daktari mapema, kabla hujasaini fomu. Aina ya pili hutokana na tishu za ng'ombe au nguruwe. Wafarini kwa kawaida ni ya miezi michache tu, lakini valvu yenyewe huchakaa, mara nyingi baada ya miaka 10 hadi 15, na kwa kijana hata kabla ya hapo, utapasuliwa tena. Muislamu asione haya kuuliza ni ya mnyama gani. Na mwanamke ambaye bado anataka kuzaa aseme waziwazi, kwani wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Meno nayo. Watu hucheka, lakini jino bovu huingiza bakteria kwenye damu, nao hupenda kujishikiza kwenye valvu mpya. Ling'olewe au lizibwe kabla.

Dawa zako zote zitie kwenye mfuko uende nazo, za mitishamba zikiwemo. Usiache hata moja kwa kujiamulia. Sigara acha leo. Ndugu wa kuchangia damu watafutwe mapema.

Mfupa wa kifua hukatwa katikati, ukafungwa kwa waya, na huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga. Ndoo ya lita 20 usiiguse, mtoto usimbebe. Apatikane wa kukuchotea maji. Weka karibu mto mdogo wa kukumbatia ukikohoa. Mchicha haukatazwi kwa anayemeza wafarini, ila hupunguza nguvu ya dawa hiyo, kwa hiyo usile sahani nzima leo kisha ukakaa wiki mbili bila kuuonja.

Kama unachomwa sindano za penisilini za kila wiki 3 au 4 ili homa ya baridi yabisi isirudi, ulizia zinaendelea hadi lini. Valvu mpya haizifuti.

Mwenye ya kaboni atamwambia pia anayelala naye. Usiku, feni ikizimwa, husikika: tik, tik, kama saa iliyosahauliwa chini ya mto.