Udongo wa bonsai kwa vitu vya hapahapa Visiwani

Assalaam alaykum wapenzi wa bonsai, yaani miti inayodumazwa ndani ya vyungu vifupi. Kila masika ikipita huja malalamiko yaleyale: mkwaju umepukutisha majani, shina limelainika kwa chini, na mwenye mti anaapa maji hakuuzidishia. Ukiung'oa unakuta umepandwa kwenye kinongo, ule udongo laini wa kulimia, kilichochotwa shamba, kimeshikana na kinanuka.

Kinongo hakina kosa. Shambani kinastawisha migomba na michungwa, kwa sababu huko maji yana pa kushukia. Kwenye chungu cha bonsai chenye kina cha sentimita 5 hayana. Hebu chukua sifongo ya kuoshea vyombo, iloweshe, ilaze bapa mpaka iache kudondosha. Sasa isimamishe wima: itadondosha tena, ingawa maji hukuongeza. Kilichobadilika ni kimo tu. Chungu kifupi ni sifongo iliyolazwa, na udongo laini humo unabaki majimaji kutoka chini hadi juu, mizizi ikikosa hewa.

Kwa hiyo usianze kuuliza mbolea. Anza na ukubwa wa chembe. Tunataka chembe za milimita 2 hadi 5, zisizo na vumbi. Wajapani wana akadama, udongo wa mfinyanzi unaochimbwa upande wa Kanto na kuuzwa ukiwa punjepunje. Kuuagiza hadi huku utalipa zaidi kuliko thamani ya mti wenyewe, na haja hiyo hatuna.

Hatua ya 1: Kusanya

Vigae ndio msingi: vyungu na mitungi iliyovunjika, au matofali ya udongo ya kuchoma. Tofali la saruji usitie, lina chokaa. Marumaru za sakafuni nazo hazinywi maji. Loweka kipande usiku kucha. Asubuhi ukikibonyeza kikageuka tope, hakikuiva motoni, kitupe.

Pili, chenga za mkaa zinazobaki chini ya gunia. Muuza mkaa atafurahi kuziondoa. Majivu yasiingie.

Tatu, makumbi ya nazi ya kushika unyevu, na hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamekunywa maji ya bahari kwa miezi. Tafuta makavu ya shamba, uyachambue na kuyakatakata. Ukikosa, hayo ya pwani yaloweke kwenye maji matamu siku kadhaa, kila siku ukibadilisha maji.

Hatua ya 2: Ponda, chekecha, osha

Hii ndiyo kazi yenyewe, nyingine zote ni mbwembwe. Tia vigae ndani ya gunia, ponda kwa nyundo, funika pua na mdomo. Pitisha kwanza kwenye chekeche la mafundi wa plasta. Mapande yanayokwama yarudi kwenye nyundo. Yaliyopita yachekeche tena kwa waya wa mbu wa dirishani. Kinachobaki juu ya waya ndicho chako. Kinachoanguka ni vumbi, na utashangaa lilivyo jingi. Lisikutie huruma ukalirudisha, hilo ndilo linaloziba. Mkaa nao vivyo hivyo. Kisha osha mpaka maji yatoke meupe.

Hatua ya 3: Changanya

Pimia kopo lilelile: vigae makopo 3, mkaa kopo 1, makumbi kopo 1. Mchanganyiko huu unafaa mkwaju, mkomamanga na bogenvilia. Mbuyu usiupe makumbi kabisa, wenyewe una ghala la maji shinani. Kama uko upande wa mashariki wa Unguja ambako upepo haulali, ongeza makumbi nusu kopo.

Hatua ya 4: Jaribu kabla ya kupanda

Jaza chungu kitupu, mwagia maji. Yanatakiwa yazame palepale unapoyamwaga na yatoke kwenye matundu. Yakituama juu, rudi kwenye chekeche.

Hatua ya 5: Panda

Ziba matundu kwa waya wa mbu, funga mti kwa waya usitikisike, kisha shindilia udongo katikati ya mizizi kwa kijiti mpaka pasibaki uwazi. Kumbuka mchanganyiko huu hauna chakula. Mti ukishashika, utie mbolea kidogokidogo, mara kwa mara.

Maswali ya wanachama

*Makunduchi: Mchanga wa pwani nikiuosha vizuri je?*
Chumvi itatoka, chokaa haitatoka. Mchanga wetu mweupe ni matumbawe na magamba yaliyosagika. Utilie siki uone unavyotoa povu. Na chembe zake ni ndogo mno.

*Mji Mkongwe: Mbona mitini mwitu inaota kwenye kuta za chokaa na inanawiri?*
Umeona vyema, kaka. Mtini mwitu haubabaishwi na chokaa, huo hata kokoto za mawe ya matumbawe ukiupa utakwenda. Mdimu utateseka: majani yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, maana chokaa inauzuia kupata chuma. Mdimu kinga maji ya mvua, kwani ya kisima yamepita kwenye miamba hiyohiyo.

*Wete: Mimi natandika kokoto chini ili maji yatoke. Nimekosea?*
Ndivyo tulivyofundishwa wengi, bi mkubwa, lakini maji hayashuki kwa urahisi kutoka chembe ndogo kwenda kubwa. Yanatuama juu ya kokoto, yaani umeyasogeza karibu zaidi na mizizi. Ziondoe.

*Chake Chake: Masika ya huku Pemba hayana mchezo, na miti yote siwezi kuiingiza ndani.*
Iache nje. Inua upande mmoja wa kila chungu kwa kipande cha tofali, tundu la kutolea maji liwe upande wa chini. Ni ile sifongo, umeisimamisha.

*Kiwengwa: Kaskazi nikirudi kutoka kazini nakuta udongo umekauka kau.*
Udongo wa chembe unataka maji asubuhi na jioni, hiyo ndiyo gharama yake. Kama mchana hayupo wa kukutazamia, tandaza makumbi laini juu, sogeza chungu penye kivuli cha alasiri, na ukihamisha mti tena chagua chungu chenye kina zaidi.