Jinsi ya kupima kifurushi na kuandika vipimo vyake posta wasikutoze ziada wala kukurudishia

Uzito watu wanapima vizuri tu, ila vipimo vya boksi wengi wanakisia. Mtu anageuza boksi, anaona namba zilizochapwa chini kiwandani, anazijaza kwenye fomu, kamaliza. Sasa zile namba mara nyingi ni za ndani ya boksi, na posta hawana habari na ndani, wanapima nje kifurushi kikiwa kimeshafungwa, tena kwenye vituo vikubwa vya kuchambua mizigo anayepima siyo karani bali ni mashine, kifurushi kinapita kwenye mkanda kinasomwa urefu, upana na kimo hapo hapo alafu kinalinganishwa na ulichoandika wewe. Mkitofautiana inaaminika mashine.

Kwa hiyo kupima ni kazi ya mwisho. Weka vitu, jaza mapengo, piga selotepu, bandika lebo, ndo uchukue tepu ya kupimia. Weka kifurushi juu ya meza iliyonyooka, usikishike mkononi. Upande mrefu kuliko zote ndo urefu, bila kujali maandishi ya boksi yanaelekea wapi, unaofuata ni upana, uliobaki ni kimo. Na kila upande unapima pale palipotokeza zaidi, hapa ndo watu wengi wanapokosea. Boksi likishajaa linavimba katikati, ukiweka tepu pembeni kwenye kona unasoma 30 wakati pale juu katikati pamefika 31 na nusu. Njia rahisi, laza rula au kibao kilichonyooka juu ya boksi kiguse ule uvimbe na kikae sambamba na meza, alafu pima kutoka mezani mpaka chini ya kibao. Mpini, kamba nene, kona ya bidhaa inayosukuma kadibodi, vyote vinahesabiwa.

Mnaweza kuona sentimita moja na nusu ni kitu kidogo. Angalia hesabu hii. Posta nyingi hazitazami pande tatu peke yake, zinataka urefu ujumlishwe na mzunguko, na mzunguko ni upana na kimo ukivijumlisha ukazidisha mara mbili. Boksi la 60 kwa 40 kwa 30: 40 na 30 ni 70, mara mbili 140, ongeza 60 unapata sentimita 200 kamili. Kama kikomo cha huduma uliyochagua ni mita 2 umepita salama. Sasa rudisha ule uvimbe, kimo kiwe 31.5, unapata 203 na mzigo umekataliwa, kwa sababu kosa la upana au kimo linaingia kwenye hesabu mara mbili.

Kwa mizigo ya kwenda nje ya nchi, Umoja wa Posta Duniani (UPU) una vikomo vyake na vinafaa kukaa kichwani. Kifurushi kidogo kinachosafiri kama barua, mwisho kilo 2, ukijumlisha urefu, upana na kimo isizidi sentimita 90, na upande mmoja usizidi 60. Boksi la 40 kwa 30 kwa 20 linafika 90 kamili, yaani likivimba sentimita moja tu limetoka kwenye daraja hilo na bei inabadilika. Kitu kilichoviringishwa kama bango, unachukua urefu ukiongeza kipenyo mara mbili, mwisho 104, na urefu wenyewe usizidi 90. Rola ya sentimita 85 yenye kipenyo cha 9 inapita (103), ikiwa na kipenyo cha 10 haipiti (105). Kipenyo pima na vifuniko vya mwishoni, manake mara nyingi ni vinene kuliko rola yenyewe. Lakini kila nchi ina masharti yake juu ya hayo, hakikisha ya unakotuma na ya unakopeleka.

Mfuko laini nao upime ukiwa umelala, umeutandaza kama utakavyokaa kwenye mkanda, na kimo ni pale penye mnene kuliko pote. Usiukandamize ili usome namba ndogo, ukiuachia unarudi vile vile.

Kwenye kuandika sasa. Kwanza kipimo gani? Sistimu nyingine inataka sentimita, nyingine inchi, na inchi moja ni sentimita 2.54, ukiandika 40 kwenye kisanduku cha inchi umeshatangaza boksi la zaidi ya mita moja. Pili, desimali, soma sheria ya posta yako inasemaje kuhusu kukadiria, ikiwa haisemi kitu panda juu, 31.5 iwe 32, usishushe hata siku moja. Tatu, andika papo hapo tepu ikiwa bado iko kwenye boksi, usingoje upime kumi ndo ujaze, zitachanganyika.

Na msidhani vipimo ni mapambo ya fomu. Posta ya Marekani ilianza Aprili 2022 kutoza dola 1.50 kwa kila kifurushi cha wateja wa biashara chenye urefu unaozidi inchi 22 au ujazo unaozidi futi moja ya ujazo, kama vipimo havikuandikwa kwenye taarifa ya kielektroniki au vimekosewa. Tena kuna uzito wa ujazo: makampuni mengi ya kusafirisha vifurushi kwa haraka yanazidisha pande tatu kwa sentimita yanagawa kwa 5,000, lile boksi letu la 60 kwa 40 kwa 30 linakuwa kilo 14.4 hata kama ndani kuna mito ya kilo 3, na unalipia ile kubwa. Ndo maana kabla ya kuhangaika na bei, tafuta boksi dogo kwanza.

Mwenye kutuma mara kwa mara afungue daftari au faili la ekseli, kila mzigo mstari wake: tarehe, namba ya ufuatiliaji, urefu, upana, kimo, uzito, na sentimita au inchi. Piga picha tatu, moja kila upande, tepu ikiwa juu ya boksi namba zinasomeka na lebo inaonekana angalau kwenye moja. Ukitozwa ziada unayoona sio haki unapeleka malalamiko na picha zile mapema, sababu posta nyingi zina muda maalumu wa kupokea madai ya namna hiyo, na bila picha unabaki na neno lako dhidi ya mashine.