Kununua nyumba Mtwara mjini: usitoe hela kabla hujafanya haya

Jamani msimu wa korosho ukifunguka hela zinaingia mfukoni na kila mtu anataka nyumba, sasa tulia kwanza. Kama unatafuta Shangani au Mikindani karibu na bahari, nenda na fundi wako mwenyewe, siyo wa dalali, akague nondo. Mimi niliona nyumba imepigwa rangi mpya inang'aa, nikapanda kibarazani nikagonga boriti kwa ufunguo, plasta ikadondoka na ndani nondo imeshakuwa unga mwekundu kwa chumvi, na bei ilikuwa ya nyumba nzima kabisa!

Pili karatasi. Hati ipeleke ofisi ya ardhi wakakuangalizie jina la mmiliki na kama kuna mkopo wa benki, kopi ya dalali isikutoshe. Kama muuzaji ana mke au mume, lazima mwenza aridhie, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka hivyo kwa nyumba ya wanandoa, na ridhaa hiyo ichukue kwa maandishi. Na nyumba ya urithi huku kwetu usimalizane na watoto wa marehemu tu, ulizia na wajomba, maana wengine wanafuata ukoo wa mama na hao ndio watakuja baadaye kudai. Msimamizi wa mirathi akuonyeshe barua ya mahakama.

Malipo pitisha benki, mkataba mbele ya wakili, mwenyekiti wa mtaa awe shahidi.

Na wewe unayeuza, lipa deni la maji mapema, wanunuzi wanauliza hilo siku ya kwanza.