Taa za Land Rover kuukuu zikizingua, anza na erthi

Land Rover 110 ya zamani ikirudi Arusha kutoka porini, malalamiko ya dereva huwa yaleyale: taa moja ya mbele hafifu, full (taa za kuona mbali) zinazima zenyewe kwenye rafu rodi, ukikanyaga breki indiketa nayo inawaka kidogo. Wengi hufika gereji wakiwa wameshanunua balbu mpya. Balbu mara chache ndiyo mgonjwa. Bodi ya gari hizi ni aluminiamu, chesi ni chuma, na unyevu ukiingia pale vinapogusana panaliwa taratibu. Ongeza vumbi na mtikisiko wa kutoka Ngorongoro hadi Seronera, Serengeti, halafu gari lioshwe kwa mashine ya presha. Waya wa erthi, unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi na chesi, utaponea wapi?

Tafuta mita ya kupimia volti, waya mrefu mmoja, brashi ya waya, msasa na grisi kidogo.

Hatua ya 1: betri. Injini ikiwa imezimwa na gari limepumzika, betri nzima isome karibu volti 12.6. Washa injini, isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikiwa chini ya hapo, achana na taa kwanza, kaangalie oltaneta inayochaji betri na mkanda wake. Mwenye Series II ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 ahakikishe ni upande gani wa betri umefungwa kwenye chesi, maana hizo zilitoka kiwandani pozitivu ikiwa ndiyo imefungwa kwenye chesi.

Hatua ya 2: erthi, na hapa usiharakishe. Washa taa. Ncha nyeusi ya mita iweke kwenye negativu ya betri (ndiyo maana ya ule waya mrefu), nyekundu ichome kwenye waya mweusi nyuma ya taa inayosumbua. Isome karibu na sifuri. Ikivuka volti 0.5, umeme unahangaika kurudi kwenye betri. Lazima taa iwe inawaka unapopima: hata waya uliobakiwa na unywele mmoja wa shaba utakuonyesha volti 12 kamili usipobeba mzigo, na hapo ndipo mafundi wengi wanapodanganywa na mita.

Ile indiketa inayowaka ukikanyaga breki ni erthi ya nyuma. Umeme ukikosa njia ya kurudi unapenya kwenye balbu ya jirani. Fuata waya mweusi hadi kwenye bolti yake, fungua. Utakuta unga mweupe chini ya tamino (kile kichwa cha chuma cha waya), na tamino yenyewe imekuwa ya kijani. Kwangua hadi chuma king'ae, weka tamino mpya, kaza, kisha paka grisi juu. Kupaka rangi kabla ya kukaza ni kurudi ulikotoka.

Hatua ya 3: upande wa pozitivu. Kwenye nyaya za asili, bluu yenye mstari mweupe ni full, bluu yenye mstari mwekundu ni dim. Ncha moja ya mita kwenye pozitivu ya betri, nyingine kwenye waya huo pale kwenye taa, taa ikiwaka. Ukisoma volti 1 au zaidi, imepotea njiani. Usiidharau: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hushuka kwa karibu theluthi. Shika soketi na swichi; penye joto ndipo penye ugonjwa.

Hatua ya 4: rilei. Kwenye nyingi za gari hizi umeme wote wa taa kubwa unapita ndani ya swichi ya usukani, na balbu mbili za wati 60 zinavuta kama ampea 10. Anayeweka za wati 100 ili aone mbali anaiyeyusha swichi. Funga rilei mbili (swichi ndogo zinazowashwa kwa umeme), ya full na ya dim. Kila mguu wa rilei una namba: namba 30 itoke betri kupitia fyuzi ya ampea 15, namba 87 iende kwenye taa kwa waya wa milimita 2.5 za mraba, namba 86 ipokee waya wa zamani wa swichi, 85 iende erthi. Zifunge juu, miguu ikiangalia chini ili maji yasituame.

Indiketa inayowaka na kuzima haraka kupita kiasi upande mmoja, tafuta balbu iliyoungua upande huohuo. Zikikimbia zote baada ya kuweka za LED, badilisha flasha, kile kifaa kinachozifanya indiketa ziwake na kuzima.

Ukimaliza, washa kila kitu kwa pamoja, halafu mwenzako atikise nyaya huku wewe ukitazama taa.